USALAMA KAZINI: Nani aliona, na nani alisikia tu?



Mwezi huu tunaongea juu ya karatasi. Sentineli wengi hawaogopi mwizi, wanaogopa biki. Usiku mzima mtu anasimama kwa mulango wa depo na fimbo na torshi, mvua inamnyeshea, hana woga. Lakini asubuhi shefu akimwambia, "Haya, andika ripoti," jasho linamtoka. Anaandika mistari mitatu: "Usiku wa leo wezi waliingia wakaiba mazutu. Nafikiri ni vijana wa kambi ya chini. Asante." Anatia sahihi, anaenda kulala.

Ndugu msomaji, ile mistari mitatu inaweza kumtoa baba wa watoto sita kazini. Karatasi ikishatoka mukononi mwako inaanza safari bila wewe. Inafika biro ya mukubwa, inafika kwa polisi, pengine inafika korti. Watakaoisoma hawakujui, hawajui depo yenu iko namna gani, hawajui kama usiku ule kulikuwa na mwezi. Neno "nafikiri" wataliruka. Neno "vijana wa kambi ya chini" watalishika.

Sisi wa upande huu wa Uvira hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Kule juu milimani, katika nchi ya Wafuliru, iko lopitali ya Lemera iliyojengwa na misioni ya Wapentekoste wa Sweden. Watu waliipanda kutoka bonde lote la Ruzizi. Daktari Denis Mukwege alifanya kazi pale, akaenda Ufaransa kusoma zaidi juu ya magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi Lemera mwaka 1989, na baadaye akawa mukubwa wa madaktari pale. Tarehe 6 Oktoba 1996, vita ilipokuwa inaanza, watu wenye silaha waliingia. Wagonjwa waliuawa vitandani. Wauguzi waliokuwa kazini waliuawa. Daktari mwenyewe hakuwa pale usiku ule.

Ninaandika habari hii katika ukurasa wa usalama kazini kwa sababu lopitali ni mahali pa kazi kama shimo na kama depo. Wale wauguzi walikuwa kwa zamu. Kama kungekuwa na mutu wa kuandika asubuhi ile, angeandika nini? Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuandika; watu walikimbia wakaenda porini, wengine Bukavu. Mwaka 1997 UNO ilituma wachunguzi katika nchi yetu, serikali ya wakati ule ikawazuia, na mwaka 1998 wakaondolewa bila kumaliza kazi. Ilibidi kungoja mpaka 2008 na 2009 ndipo kundi lingine lilipozunguka mikoa na kuuliza watu. Ripoti yao ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010, karibu miaka 14 baada ya usiku ule wa Lemera. Ndiyo ile inayoitwa Ripoti Mapping.

Wengi wamesikia jina lake, wachache wameifungua. Ina kurasa zaidi ya 500, na kitu kinachonishangaza mimi ni namna ilivyoandikwa. Imekusanya matukio 617 ya miaka ya 1993 mpaka 2003. Wachunguzi waliongea na mashahidi zaidi ya 1,280 na kupata hati zaidi ya 1,500. Kila tukio limewekwa kwa namna moja: tarehe, mahali, nani aliyefanya kwa jina la kundi la silaha, walioumizwa ni nani, wangapi, kwa njia gani. Maneno machache. Hakuna "unyama usiosemeka", hakuna "ole wetu". Na kuna sharti moja lililoshikwa sana: tukio haliingii katika orodha kama halina vyanzo viwili vyenye kujitegemea. Ukisikia jambo kwa jirani, na jirani amelisikia kwa yule yule aliyekuambia wewe asubuhi, hapo una chanzo kimoja tu chenye midomo miwili.

Hili sharti liko zuri kwa sentineli wa depo. Kapita anakuambia, "Bote banajua ni ule muvulana." Muulize: nani katika hao "bote" aliyemuona kwa macho? Mara nyingi utapata kwamba mutu mumoja alimuona kijana anapita na bidoni ya manjano, saa ambayo hakumbuki, na hao wengine wote walisikia kwa huyo mumoja. Andika hivyo: mutu mumoja alisema alimuona kijana na bidoni ya manjano, saa haijulikani, hakuona ndani ya bidoni. Hiyo ni kweli, na haimuui mutu.

Angalia tena hesabu. Ripoti Mapping inaandika kwa Lemera watu 37 waliouawa. Daktari Mukwege alipopewa Nobel ya amani huko Oslo mwezi wa Disemba 2018, alisema zaidi ya thelathini. Namba hizi hazigombani. Lakini wewe katika ripoti yako usichanganye namna mbili hizi. Kama umehesabu mapipa mwenyewe, andika 11. Kama hukuhesabu, andika "karani wa depo alisema yako 11, mimi sikuhesabu". "Mapipa mengi" si hesabu. "Kama kumi hivi" pia inaleta shida, kwa sababu mutu wa pili ataandika 10, wa tatu atasema umesema 10, na siku ya kuulizwa utaitwa mwongo.

Sasa niseme jambo lenye uzito zaidi. Katika hotuba ile ya Oslo, daktari alilalamika kwamba ripoti ile inalala katika sanduku la meza huko New York ikishika vumbi, na kwamba inataja walioumizwa, mahali na tarehe, lakini watenda mabaya wamebaki bila majina. Ni kweli: vikundi vya silaha vimetajwa, majina ya watu hayakutolewa, yaliwekwa kwa siri mikononi mwa UNO. Waliofanya hivyo walisema kazi yao haikuwa ya hakimu, na walichokusanya kilitosha kushuku, hakikutosha kuhukumu.

Mimi naona pande zote mbili zinagusa kazi yetu. Mutu wa zamu kweli si hakimu. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema mutu anayeshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kwa hiyo ripoti ya kwanza, ile inayosomwa na karani na mupishi na dereva wakati inapita biro kwa biro, isiwe mahali pa kumwita mutu mwizi. Jina la mutu anayeshukiwa likiwa na sababu yake, liandikwe kwa karatasi ya pili, ipewe yule mwenye haki ya kuchunguza, katika bahasha. Hapo niko pamoja na wachunguzi. Lakini wajane wa Lemera hawawezi kula neno "siri". Jina likiingia bahasha na bahasha ikiingia sanduku la meza, na sanduku likafungwa kwa funguo, basi uchunguzi umegeuka kuwa kaburi la pili. Kwa hiyo juu ya bahasha andika tarehe, na uombe aliyeipokea aandike kwa mukono wake, katika kopi yako, "nimepokea", na tarehe, na saa. Baada ya siku chache unarudi unauliza. Mukubwa anayekataa kuandika "nimepokea", hilo nalo ni jambo la kuandika.

Na kitu kingine, kwa upande wetu huu hasa. Usiandike kabila. Najua wengine watanikasirikia. Lakini kabila halishiki bidoni wala bunduki, mutu ndiye anayeshika. Andika ulichoona: walikuwa watano, watatu na nguo za kijeshi, mumoja na koti nyeusi, walitoka upande wa mto, walirudi njia ya makaburi. Ukisikia luga, andika maneno uliyosikia, na useme kama unaijua luga ile ao huijui. Katika bonde la Ruzizi tumezika watu wengi ambao kosa lao pekee lilikuwa neno moja mudomoni mwa mutu asiyekuwa hata amewaona.

Tushuke sasa kutoka Lemera mpaka Sange, kwa njia kubwa ya Uvira na Bukavu. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamioni ya petroli iliyotoka Tanzania ilipinduka katikati ya mji. Petroli ilianza kumwagika. Watu walikuja na bidoni na masufuria. Kisha moto. Walikufa watu zaidi ya 230, wakazikwa wengi katika kaburi moja.

Muulize mutu leo ajali ya Sange ilitokana na nini, atakujibu haraka: "Batu balienda kuiba mafuta." Hilo jibu ni bovu kwa uchunguzi, hata kama wengine kweli walikuwa wanachota. Kwa nini? Kwa sababu katika waliokufa walikuwamo watu waliokuwa ndani ya chumba cha video wanaangalia mupira wa Kombe la Dunia. Wao hawakuchota hata tone. Kama sababu ni wizi, hao walikufa kwa sababu gani? Ukiona sababu yako haielezi wafu wote, ujue bado hujapata sababu. Mwenye kuandika ripoti nzuri angeuliza: dakika ngapi zilipita kati ya kupinduka na moto? Nani alijaribu kufukuza watu, na alikuwa na nini mukononi? Moto ulianzia upande gani: taa ya mafuta, sigara, jiko, waya wa umeme? Nyumba ya karibu ilikuwa hatua ngapi? Njia pale ikoje? Hayo ndiyo maswali yanayoweza kuokoa mutu siku kamioni ingine ikilala njiani.

Neno "uzembe" na neno "wizi" ni kama kifuniko cha sufuria. Ukishafunika, hakuna anayeangalia ndani tena. Katika mashimo ni vile vile. Mutu akiponda mukono kwa masini, wanaandika "uzembe wa mufanyakazi". Chombo cha kufunika meno ya masini kilikuwa wapi? Kiliondolewa lini? Nani alijua? Yule mufanyakazi alikuwa amefanya kazi saa ngapi bila kupumzika?

Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, shimo la wachimbaji wa zahabu lilibomoka baada ya mvua kubwa. Habari za kwanza zilisema watu 50 ao zaidi. Pale ambapo hakuna kaye ya kuandika nani anaingia na nani anatoka, hesabu ya kwanza inatoka wapi? Inatoka kwa vilio. Kaye moja na biki moja kwa mulango wa shimo, bei yake ni chini ya chupa moja ya bia. Ninyi wamama munaouza chakula karibu na mashimo, mara nyingi ninyi ndio munaojua nani ameshuka asubuhi, kwa sababu alikula kwenu kwa deni. Musidharau kaye yenu ya madeni. Siku ya ajali inaweza kuwa ushahidi wa kwanza.

Juu ya saa, neno fupi. Saa tatu ya usiku ya Kiswahili kwa karani wa Kifaransa ni saa 21. Ukiandika "saa 3 usiku", yeye atasoma saa tisa ya alfajiri, na mutu aliyekuwa kwa zamu saa ile atakamatwa bure. Andika 21.20, namna ya biro. Na kama karatasi inaenda Kinshasa, ongeza "saa ya hapa", kwa sababu wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Dereva anayetoka Tanzania naye saa yake iko mbele ya yetu kwa saa moja. Nimeona watu wazima wakigombana juu ya uongo ambao ulikuwa tu tofauti ya saa.

Sasa juu ya kuuliza watu. Kuchunguza si kutisha. Kuna walinzi wanaofikiri ungamo lililotoka kwa fimbo ni ungamo. Mutu akipigwa atakubali hata kwamba aliiba daraja la Ruzizi. Ulinzi wa kampuni hauna ruhusa ya kufunga mutu katika kontena usiku mzima "ili aseme". Kama kuna kosa la sheria, muite polisi. Hata yeye, Katiba katika kifungu cha 18 inamwambia asimuweke mutu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya wenye mamlaka ya korti. Uliza mashahidi mumoja mumoja, si pamoja kama kwaya. Anza na swali pana: "Niambie usiku wa jana ulivyoenda." Usianze na "Ulimuona fulani?" kwa maana ukishataja jina, umeshampa jibu. Andika maneno yake kama alivyosema, hata kama ni ya Kifuliru ao ya Kishi, kisha maana yake chini. Mwisho msomee. Akisema, "Hapana, si vile nilisema," futa kwa mustari mumoja ili neno la zamani lionekane, andika jipya juu, naye atie sahihi ao kidole. Usikwangue na wembe. Karatasi iliyokwanguliwa hakuna anayeiamini.

Kabla ya hayo yote, linda mahali penyewe. Kufuli iliyovunjwa, ile tunaita kadena, usiiokote uiweke mufukoni ukafikiri umesaidia. Iache, weka mutu asimame, chora ramani ndogo hata kama hujui kuchora: mulango hapa, mapipa hapa, alama za miguu hapa, mimi nilikuwa hapa. Pima kwa hatua. Mwenye simu apige picha, lakini picha isiende kwa marafiki kabla ya kufika kwa mwenye uchunguzi.

Wengine wataniuliza: na kama mwizi ni shefu mwenyewe? Swali hili ni la kweli, hatuwezi kulikwepa. Mazutu haipotei yote kwa bidoni za vijana. Mingine inapotea kwa karatasi, pipa 20 zimeandikwa, 14 ndizo zilizofika. Sentineli hawezi kumshitaki shefu na kesho akae kwa zamu kama kawaida. Lakini anaweza kuandika kila usiku katika kaye ya zamu kilichopita mulangoni: namba ya kamioni, saa, hesabu ya mapipa, jina la aliyetoa ruhusa. Haandiki "wizi". Anaandika yaliyopita. Siku wakubwa wa juu wakija kuhesabu, kaye itasema. Na kama makosa yanatupwa juu yako wewe, wajumbe wa sendika mliowachagua wako kwa kazi hiyo. Enda kwao na kopi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mwenye kazi anayekuondoa akuandikie, na aseme sababu. Asikwambie kwa mudomo tu, "Toka, tunajua uliyofanya."

Tuseme basi ile mistari mitatu ya mwanzo iandikwe upya. Ingekuwa namna hii:

"Tarehe 14, nilishika zamu saa 18.00 kwa mulango wa depo ya mazutu. Karani alinionyesha mapipa 11, tulihesabu pamoja. Mvua ilianza saa 20.45 mpaka 22.00 hivi, wakati huo nilikuwa chini ya paa la biro, hatua 30 kutoka depo, sikuweza kuona mulango wa nyuma. Saa 22.10 nilizunguka. Nilikuta kadena ya mulango wa nyuma iko chini, imekatwa. Sikuigusa. Niliingia na torshi, nikahesabu mapipa 9. Kulikuwa na alama za miguu za mutu mumoja ao wawili kuelekea mufereji. Sikuona mutu. Saa 22.20 nilimuita mwenzangu wa mulango mukubwa. Aliniambia hakuona mutu kupita kwake. Saa 22.40 tulimuarifu shefu wa zamu. Taa ya mulango wa nyuma haiwaki tangu wiki mbili, nimeiandika katika kaye tarehe 2 na tarehe 9."

Angalia, hakuficha kwamba alijikinga mvua. Wengi wangeficha. Lakini kwa sababu amesema pale hakuona, watu wataamini pale anaposema aliona. Na ile taa isiyowaka ni mustari mumoja tu wa mwisho, lakini huo ndio utakaomfanya mukubwa asilale vizuri, kwa sababu sasa swali limehama kutoka kwa vijana wa kambi ya chini kwenda kwa aliyesoma kaye tarehe 2 na kunyamaza.

Neno kwa familia. Mume akiumia ao akifa kazini katika kampuni yenye kulipia wafanyakazi INSS, inayoitwa sasa CNSS, mjane ataulizwa karatasi ya ajali. Ndani yake watatafuta vitu vichache: alikuwa kazini, saa gani, anafanya kazi gani, nani alikuwa naye. Ripoti ikisema tu "alikutwa amekufa karibu na shimo", mjane atatembea biro kwa biro miezi mingi, maana "karibu na shimo" inaweza kuwa hata njia ya kwenda sokoni. Kwa hiyo mama, ukipewa habari mbaya, pamoja na machozi mutume ndugu mumoja mwenye kusoma aende siku ile ile aombe kopi, na aandike majina ya waliokuwa zamu moja na mume wako, kabla hawajahamishwa. Kopi moja ibaki kwa kampuni, moja kwa sendika, na ya tatu katika sanduku la nyumba, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.